Gari ya yadi imeanza kusumbua wiki ya tatu, na karatasi inasema "kama ilivyo": nitengeneze ama nidai?

*"Habari mtaalamu. Mimi ni mwalimu, nilichukua loni ya Sacco nikanunua gari kwa yadi moja hapa Nairobi, hatchback ya Japan ya 2017, injini cc 1200, giaboksi ya CVT, bei 870,000. Kwa tangazo walikuwa wameandika mileji ni 61,000 ya ukweli na haijawahi kugongwa. Nilienda na mekanika wangu, tukaiwasha, tukaizungusha pale yadi, akasema iko sawa. Wiki ya tatu nikitoka Naivasha, hapo kupanda Kinungi, injini ikaanza kulia kwa nguvu lakini gari haiendi, ikakataa kupita 40, taa ya injini ikawaka. Ikipoa inarudi sawa, ikipata moto inaanza kutetemeka tena. Gereji wamepima na kompyuta wakasema giaboksi imekwisha, kununua ya mtumba na kufunga ni 140,000. Yadi wanasema ilitoka kwao ikiwa sawa, eti nimeiendesha vibaya, na karatasi niliyosaini imeandikwa gari imeuzwa kama ilivyo bila waranti. Logbuku bado hawajanihamishia. Nimekutumia picha za karatasi ya gereji, dashibodi, na stika ya Kijapani iko kwa mlango wa dereva, sijui inasema nini. Je, nitengeneze tu niendelee na maisha ama kuna haki yangu hapa? Bima yangu ni komprehensivu, inaweza kulipa?"*

Mwalimu, pole sana. Najua hiyo loni ina wadhamini, na wadhamini ni walimu wenzako mnaokutana nao stafurumu kila asubuhi, kwa hivyo hii si shida ya gari peke yake. Nimeangalia picha zako zote tatu, na kabla sijaeleza lolote naomba kitu kimoja: usilipe hiyo 140,000 bado. Usiruhusu mtu yeyote afungue hiyo giaboksi, awe wa gereji yako ama fundi wa yadi, mpaka umalize kusoma hapa. Ukitengeneza leo utakuwa na gari inayotembea, sawa, lakini ushahidi wako utakuwa umetupwa kwa pipa la vyuma Kirinyaga Road, na yadi watakuuliza utathibitishaje kwamba ilikuwa mbovu.

Nianze na bima kwa sababu ndio rahisi. Hapana, hawatalipa. Komprehensivu inashughulikia ajali, wizi, moto na vitu kama hivyo, haishughulikii kitu kilichochakaa ama kuharibika chenyewe ndani ya injini au giaboksi. Usipoteze wiki ukifuatana nao.

Sasa giaboksi. Watu wengi wanaambiwa "CVT ni mbovu" na wanakubali hivyo hivyo, na yadi nao wanajua watu wanaamini hivyo, ndio maana wanakuambia umeiendesha vibaya. CVT haina gia zile za kupanda moja mbili tatu. Ndani yake kuna puli mbili na mkanda wa chuma katikati, mkanda uliotengenezwa kwa vipande vyembamba vingi sana vilivyopangwa pamoja. Puli zinajibana na kujiachilia, mkanda unapanda na kushuka, na hivyo ndivyo gari inabadilisha mwendo bila kushtuka. Kinachobana hizo puli ni presha ya oili. Kwa hivyo oili kwenye CVT hailainishi tu, ndiyo inayoshika mkanda usiteleze. Oili ikizeeka, ama ikiwekwa ya aina nyingine, presha na mshiko vinapungua, mkanda unaanza kuteleza kidogo kidogo, unakwaruza uso wa puli, na ule unga wa chuma unaotoka hapo unaenda kuziba vali ndogo za oili. Vali zikiziba presha inashuka zaidi. Ni kitu kinajila chenyewe.

Ndiyo maana yako ikiwa baridi iko sawa. Oili baridi ni nzito, presha iko. Ukipanda Kinungi na watu wanne na jua la saa nane, oili inapata moto, inakuwa nyepesi, mkanda unateleza, injini inalia na gari haisongi. Alafu kompyuta ya gari ikiona joto limepita kiasi ama puli hazizunguki vile inatarajia, inapunguza nguvu makusudi ili kuokoa kilichobaki, na hiyo ndiyo ile kukataa kupita 40. Na ndiyo maana mekanika wako hakuona kitu. Kuzungusha gari ndani ya yadi dakika kumi ikiwa baridi hakuwezi kuonyesha ugonjwa huu, usimlaumu. Gari ya CVT inajaribiwa barabarani, tena kwa mlima, kwa muda wa kutosha ipate moto kabisa. Shika hii mahali kwa sababu tutairudia kwa upande wa sheria.

Je, wewe unaweza kuwa umeiua kwa wiki tatu? Nijibu kwa ukweli, maana hata wao watauliza. Mtu anaweza kuharibu CVT haraka akivuta gari nyingine, akikwama matopeni akaikanyagia kwa muda mrefu, ama mtu akimwagia oili ya automatiki ya kawaida ndani. Kila mtengenezaji ana oili yake: Nissan nyingi za miaka hiyo zinataka NS-3, Toyota ni CVT Fluid FE, Honda ni HCF-2, na hizi hazibadilishwi ovyo. Kama hakuna chochote kati ya hivyo ulichofanya, basi kuendesha tu mjini na safari moja Naivasha hakumalizi giaboksi nzima. Hiyo ilikuja ikiwa mgonjwa. Lakini swali moja nakuuliza na ujibu kwa nafsi yako: kuna mtu yeyote amegusa oili ya giaboksi tangu uichukue, hata kuongeza kidogo tu pale petroli steshen? Kama yupo, tafuta risiti na jina la oili sasa hivi.

Tuje kwa picha zako, kwa sababu hapo ndipo nilikaa sana.

Stika ya mlango ni ya kubadilisha oili ya injini, gereji za Japan huwa zinabandika kwa fremu ya mlango ama chini ya boneti na watu wetu wanazisahau hapo. Imeandikwa R4, na hiyo R ni Reiwa, hesabu ya miaka ya enzi ya mfalme wao iliyoanza Mei 2019. Reiwa ya kwanza ni 2019, kwa hivyo R4 ni 2022. Namba iliyo kwa picha yako ni 98,400. Sasa tusikimbie: mara nyingi gereji huandika kilomita ambazo gari inafaa kurudi tena, si kilomita ilizokuwa nazo siku hiyo, na kwa yako maandishi yaliyo kando ya hiyo namba ndiyo yale ya "mara ijayo". Wajapani wengi hubadilisha kila elfu tano, wengine elfu kumi. Hata tukiwapa elfu kumi nzima, hii gari mwaka 2022 ilikuwa imeshapita 88,000. Dashibodi yako leo inasema 62,050.

Kuna njia moja tu ya kuwatetea hapo, nayo ni kwamba mlango ulitolewa kwa gari nyingine baada ya ajali ukafungwa kwa yako pamoja na stika yake. Inatokea. Lakini angalia inakuja wapi: kama mlango na fremu si zake, basi ile "haijawahi kugongwa" ya kwa tangazo imekufa. Ama mileji si ya kweli, ama ajali ilikuwepo. Moja kati ya vitu viwili walivyokuandikia haisimami, na wewe huna haja ya kujua ni ipi ndio uanze kudai.

Ile karatasi ya gereji nayo ina mstari ambao hawakukuelezea. Karibu na mwisho kuna umbali ambao gari imekwenda tangu makosa yaliyokuwa kwenye kompyuta yafutwe, na imeandikwa kilomita 871. Wewe uliichukua ikisoma 61,200, sasa ni 62,050, maana yake umeenda 850. Kwa hivyo kumbukumbu ya makosa ilifutwa kama kilomita ishirini kabla hujakabidhiwa funguo. Nakuambia pia udhaifu wa hii: kwa gari nyingi betri ikifa ama ikitolewa hiyo hesabu inaanza upya, na magari ya yadi hukaa muda mrefu betri zikafa, kwa hivyo watasema ni betri tu. Peke yake haitoshi. Ukiiweka kando ya stika na kando ya gari iliyoonyesha ugonjwa ndani ya wiki tatu, inaanza kuwa na uzito.

Sasa kuna namba nyingine ambazo hujazitafuta. Gari inayotoka Japan inakuja na karatasi ya kufutiwa usajili kule, ile ya kuruhusiwa kuuzwa nje, na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wao wa lazima huwa zimeandikwa hapo. Ukaguzi huo unafanywa miaka mitatu baada ya gari kuwa mpya alafu kila miaka miwili. Kisha kuna cheti cha ukaguzi unaofanywa kwa niaba ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kabla gari haijapanda meli, nacho kinaandika mileji. Na kama ilipita kwa mnada, kuna karatasi ya mnada yenye gredi na mileji. Andikia yadi uombe kopi za hizi zote. Ukipanga namba kwa tarehe utaona mahali zinaporudi nyuma. Zikirudi nyuma kabla ya meli, aliyezungusha mileji nyuma yuko kule. Kama cheti cha KEBS kinasema 103,000 na dashibodi 61,000, ilizungushwa hapa. Kuna mitandao inayouza karatasi za mnada ukiwapa namba ya chesi, zingine ni nzuri, lakini kuna feki pia, kwa hivyo tumia hiyo kama nyongeza na si kama nguzo ya kesi yako.

Na nisahihishe kitu ambacho nasikia kila mara, "gari ilipita KEBS kwa hivyo iko sawa". Ule ukaguzi unaangalia umri wa gari, usukani uko upande gani, breki, taa, matairi, bodi, mambo ya usalama barabarani. Hakuna anayefungua giaboksi. Kupita si cheti cha afya ya CVT.

Twende kwa ile karatasi ya "kama ilivyo". Hii ndiyo inayowanyamazisha watu wengi, na ndiyo yadi wanaitegemea. Mtu anaona sahihi yake pale chini anarudi nyumbani kimya. Mwalimu, ungekuwa umenunua kwa jirani yako, mtu anayeuza gari yake moja, hiyo karatasi ingekubana sana. Lakini wewe ulinunua kwa biashara inayouza magari, kwa matumizi yako mwenyewe, kwa hivyo wewe ni mtumiaji mbele ya sheria. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema zile ahadi zinazokuja zenyewe na kila mauzo, kwamba bidhaa ni ya ubora unaofaa, haziwezi kuondolewa kwa kuandika tu kwenye mkataba kwamba zimeondolewa. Katiba yenyewe, kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kupata habari unazohitaji. Na ile sheria ya 2012 inataja wazi kabisa kwamba kudai bidhaa imetumika kiasi ambacho si cha ukweli ni tendo lisilo la haki. Mileji ndiyo hiyo. Ukidanganywa namna hiyo unaweza kuvunja mkataba ukaomba pesa yako ama fidia, mradi utoe notisi ndani ya mwaka mmoja tangu mkubaliane.

Watasema "si sisi tuliozungusha". Inawezekana kabisa ni kweli, yadi nyingi zinauza gari ya mtu mwingine kwa kamisheni na hata hawajui ilikotoka. Lakini wao ndio walioandika 61,000 ya ukweli kwa tangazo, na wewe ulilipa bei ya 61,000. Wao wakitaka waende wamdai aliyewaletea.

Sasa nisikupe moyo wa uongo. Ubora unaofaa kwa gari ya 2017 iliyotumika si ubora wa gari mpya. Hakimu ataangalia umri, bei, na kilomita. Gari ikiwa na matairi yaliyoisha, AC dhaifu, busho zinagonga, hiyo ni hali ya mtumba na hutapata kitu. Pia Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inasema kama mnunuzi alikagua, hawezi kulalamika juu ya kasoro ambazo ukaguzi ule ulifaa kuonyesha. Watakuambia "ulikuja na mekanika". Hapo ndipo ile ya oili baridi inakusaidia: kasoro inayotokea tu gari ikipata moto barabarani haingeonekana kwa kuzunguka yadi. Kama waliwakataza kutoka nje ya geti, na najua yadi nyingi hukataza, andika hivyo, na mekanika wako aandike pia wakati bado anakumbuka.

Kuna mtego mwingine. Sheria hiyo hiyo inakuhesabu umeipokea gari ukikaa nayo muda mrefu bila kusema unaikataa, ama ukiifanyia kitu kinachoonyesha ni yako kabisa. Kufunga giaboksi nyingine ni kitu cha aina hiyo. Bado ungeweza kudai pesa ya matengenezo, lakini nafasi ya kurudisha gari yote inakuwa finyu. Ndiyo maana nimekuambia usimame kwanza.

Kwa hivyo wiki hii fanya hivi. Chukua skrinshoti za tangazo kabla hawajalitoa, na chati zote za Wasapu na yule aliyekuuzia, pamoja na voisi. Usibadilishe simu. Piga picha ya stika ikionyesha na mlango wote, namba ya chesi, dashibodi. Angalia mpira wa pedali ya breki na ngozi ya usukani, gari ya elfu sitini haifai kuwa na pedali iliyolainika kama sahani. Alafu peleka gari kwa mkaguzi asiyehusika na yeyote kati yenu, AA Kenya wanafanya kazi hiyo na wapo wengine, mwambie unataka ripoti ya maandishi juu ya giaboksi na mileji. Akiteremsha sampo, lile bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, kuna sumaku ndani yake. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida hata kwa gari nzima. Vipande vinavyong'aa, vinavyoshikika kwa kidole, si kawaida. Apige picha ya sumaku, na oili kidogo iwekwe kwa chupa safi ifungwe na iandikwe tarehe. Oili nyeusi inayonuka kama imeungua haijafika hapo kwa wiki tatu.

Kabla ya siku hiyo, andikia yadi barua pepe ama meseji uwaambie gari itakaguliwa wapi na saa ngapi, na waje kama wanataka. Wengi hawatakuja. Lakini hawataweza kusema ulifungua kwa siri.

Kisha barua yenyewe ya madai. Fupi, bila matusi, najua hasira iko lakini iache nje. Uliambiwa nini, umepata nini, ripoti inasema nini, unataka nini, na siku ngapi unawapa, kumi na nne zinatosha. Na uhakikishe unamwandikia nani. Jina kubwa kwa bango la yadi mara nyingi si jina lililosajiliwa, risiti ina jina lingine, na pesa ya M-Pesa ilienda kwa namba ya mtu. Tafuta usajili wa biashara kupitia eCitizen ujue mwenyewe ni nani, manake ukimshtaki bango hutalipwa na bango.

Unataka nini basi? Hapa lazima uchague mwenyewe, nitakuambia vile naona. Kurudisha gari na kupata 870,000 yote ndiyo haki kamili kama mileji itathibitishwa kuwa ya uongo, lakini ndiyo watakayopigana nayo zaidi, na wakati huo wote unalipa loni bila gari. Njia ya kati ni wao walipe giaboksi pamoja na kufungwa, na wakurudishie tofauti ya bei kati ya gari ya kilomita 61,000 na gari ya zaidi ya 90,000. Mimi nikiangalia hali yako, ningedai ya kwanza kwa barua na ningekubali ya pili mezani kama inakuja haraka na kwa maandishi. Wakikupa "leta tutengeneze kwa fundi wetu", usikatae moja kwa moja ila usipeleke gari bila karatasi inayosema ni giaboksi gani itafungwa, imetoka wapi, oili gani, waranti ya miezi mingapi, na kwamba ile ya zamani unapewa wewe. Nimeona gari zikirudi kutoka kwa fundi wa yadi zimebadilishwa oili tu na makosa kufutwa, inatembea sawa wiki mbili, alafu tuko pale pale.

Kuna swali la kama giaboksi yote lazima ibadilishwe. Kama mkwaruzo kwenye puli haujaanza, kusafisha vali na kuweka oili sahihi wakati mwingine kunaokoa. Kwa dalili zako sina matumaini makubwa, kwa sababu inateleza kabisa na si kutetemeka tu, lakini mkaguzi ndiye atasema, mimi siigusi hapa nilipo. Na giaboksi ya mtumba ni kamari nyingine ya aina ile ile, uliza ilitoka gari gani na ya kilomita ngapi.

Wakikataa kabisa ama wakanyamaza, kuna Mahakama ya Madai Madogo, kesi zisizozidi milioni moja, kwa hivyo hata bei yote ya gari yako inaingia. Si lazima uwe na wakili, ada ya kufungua ni ndogo, haibanwi sana na taratibu za ushahidi kama mahakama kubwa, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku sitini. Kwa vitendo zingine huvuta zaidi ya hapo, lakini si miaka. Pia unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ni bure, wanashughulikia matangazo ya kupotosha. Faida yake ni kwamba yadi wanaogopa barua yao, lakini usitegemee hiyo kama njia ya kupata pesa yako upesi. Fanya zote mbili.

Logbuku sasa, na hii usiichukulie kuwa ya mwisho kwa umuhimu. Sheria ya Trafiki inakupa siku kumi na nne tu kuendesha gari iliyobadilisha mikono bila kuhamisha usajili, wewe umeshazipita. Leo leo ingia eCitizen ufanye utafutaji wa hiyo namba ya gari kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, uone imeandikwa jina la nani, na ufanye utafutaji mwingine kwenye rejista ya mali iliyowekwa rehani. Kama jina ni la aliyeagiza gari na haina deni, hiyo ni uzembe wa yadi, wasukume. Kama inaonekana kuna benki ama kampuni ya mikopo yenye haki juu yake, simamisha mazungumzo yote ya giaboksi, hapo shida ni kubwa zaidi na unahitaji wakili siku hiyo hiyo, na polisi wakibidi, uchukue namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Na wakikuletea kuhamisha sasa katikati ya ugomvi, kama bado hujaamua kurudisha, kubali lakini uwaandikie kwamba kukubali usajili si kukubali kasoro.

Mambo mengine mawili. Loni ya Sacco endelea kulipa hata kama inauma, Sacco hawakukuuzia gari, na ukiacha watawashika wadhamini wako na hutakuwa umewagusa yadi hata kidogo. Ukiona mwezi unabana nenda uongee na ofisi yao kabla ya tarehe, si baada. Na kuna watu watakushauri uiuze tu, ikiwa baridi inaonekana nzuri, umpe mwingine. Utakuwa umemfanyia mtu kile ulichofanyiwa, na kwa ripoti iliyo na jina lako huyo mtu atakushinda wewe mahakamani kirahisi.

Kuhusu kuiendesha: isipokuwa kuipeleka kukaguliwa, iache imeegeshwa. Ikipoteza nguvu hapo Thika Road katikati ya matatu haitakuuliza kama umemaliza kesi, na kila kilomita unayoongeza ni hoja unawapa kwamba wewe ndiye uliyeimaliza. Hata siku ya ukaguzi, kama mkaguzi yuko mbali na nyumbani, lipia breki dauni, ile lori ya kubeba gari iliyoharibika, na utunze risiti, nayo utaidai. Ripoti ikitoka nitumie pamoja na picha ya ile sumaku, na kopi za karatasi za Japan kama watakupa, nitakusaidia kupanga hizo namba kwa tarehe kabla hujaandika barua.